Mjazo wa mkate kwa bata mzinga: tumboni mwa ndege au kwenye trei?

Swali: Mwaka huu ni zamu yangu kuandaa chakula cha sikukuu kwa watu 10, na nimeshanunua bata mzinga wa kilo 6 aliyegandishwa. Kila ninapojaribu kutengeneza mjazo wa mkate (vipande vya mkate vilivyochanganywa na supu, mboga na viungo), ama unatoka umelowa na kushikana kama uji uliopoa, ama umekauka hadi wageni wanausogeza pembeni ya sahani. Wapo wanaonishauri nimjaze ndege, na wapo wanaonionya kwamba kufanya hivyo ni hatari. Isitoshe, mgeni wangu mmoja hali nguruwe, na mapishi mengi ninayoyaona yana soseji. Nifanyeje?

Jibu: Matatizo yako mawili ya kwanza, mjazo uliolowa na mjazo uliokauka, yana chanzo kimoja, nacho ni mkate ambao haukukaushwa sawasawa kabla ya kumiminiwa supu. Mkate ambao bado una maji yake ndani hauna nafasi ya kupokea mengine. Supu hubaki nje ya vipande, vipande hupondeka, na katikati kunabaki ladha ya mkate mtupu. Mpishi akishaona rojo hiyo, safari inayofuata hupunguza supu kwa hofu, na oveni humalizia kazi ya kuukausha. Kuhusu swali la tatu, ushauri wangu ni kwamba kwa ndege wa kilo 6 na wageni 10 uoke mjazo kwenye trei, na ladha ya ndege uipeleke huko kwa supu na mafuta yake. Sababu nitazieleza, pamoja na utaratibu wa kufuata endapo familia yako haitakubali sikukuu ipite bila ndege aliyejazwa.

Tuanze na mkate, maana hapo ndipo mambo mengi huharibika. Bila shaka umewahi kuambiwa utumie mkate uliolala. Ushauri huo si mbaya, ila haujitoshelezi, kwa kuwa mkate uliolala na mkate uliokaushwa ni vitu viwili tofauti. Mkate unapolala, wanga uliolainika wakati wa kuokwa hujipanga upya taratibu na kuwa mgumu, na jambo hilo hutokea hata kama mkate umefungwa vizuri na haujapoteza maji yoyote. Ndiyo sababu kipande cha mkate wa jana kikipashwa moto hulainika tena kana kwamba ni kipya: maji yake yalikuwa yamo humo humo. Tunachokitaka sisi ni maji hayo yatoke kabisa, ili nafasi yake ichukuliwe na supu yenye ladha, na kwa kazi hiyo hata mkate ulionunuliwa leo unafaa, mradi upite kwenye oveni.

Chukua gramu 700 za mkate wa ngano mweupe usio na sukari nyingi, wenye sehemu ya ndani iliyoshikana kiasi. Mkate laini mno, ule unaorudi ukiubonyeza kama godoro la sponji, hauhimili supu. Ganda usilitupe, kwa kuwa ndilo linaloupa mjazo kitu cha kutafuna. Ukate vipande vya mraba vya sentimita 2 hivi, uvitandaze kwenye trei mbili bila kuvilundika, kisha uviweke kwenye oveni ya nyuzi 130 za Selsiasi kwa dakika 45 hadi saa nzima, ukivigeuza mara mbili au tatu. Usisubiri rangi ibadilike, kwani tunakausha, hatubaniki. Ili kujua kama viko tayari, chagua kipande kikubwa kuliko vyote, kiache kipoe kidogo, halafu kivunje: kinapaswa kukatika kwa mlio mkavu hadi katikati. Kikipinda kabla ya kukatika, au kidole kikihisi ubaridi wa unyevu ndani, rudisha trei zote. Mwenye mizani ana njia ya uhakika zaidi. Zaidi ya theluthi moja ya uzito wa mkate wa kawaida ni maji, hivyo zile gramu 700 zikishuka hadi kati ya 450 na 480 kazi imekwisha.

Ukubwa wa vipande nao si suala la urembo. Mjazo wa pakiti uitwao Stove Top, ambao kampuni ya General Foods ya Marekani iliuingiza sokoni mwaka 1972, ulitokana na kazi ya Ruth Siems, mtaalamu wa upishi aliyeajiriwa na kampuni hiyo, na siri yake kuu ilikuwa kwenye vipimo vya vipande vya mkate: vikiwa vidogo mno hugeuka rojo mara vikutanapo na maji, na vikiwa vikubwa mno hubaki vigumu katikati. Sikushauri ununue pakiti, lakini ni vizuri kujua kwamba hata kiwandani tatizo lililowasumbua ndilo hili linalokusumbua wewe jikoni.

Supu ndiyo nusu ya pili ya kazi. Ndani ya ndege wako, ama tumboni au kwenye uwazi wa shingo, utakuta kifuko chenye shingo, firigisi, moyo na ini. Ini liweke kando, kwa kuwa likichemka muda mrefu huipa supu uchungu na kuichafua rangi. Vilivyobaki, pamoja na mabawa machache ya kuku ukiyapata, vikaange kwa mafuta kidogo hadi vipate rangi ya kahawia, ongeza kitunguu kilichokatwa katikati, jani moja la bei (kiungo kiitwacho “bay leaf”) na lita 2 za maji, kisha acha supu ichemke polepole kwa saa 2 bila kufurukuta. Usitie chumvi katika hatua hii. Ichuje, upime mililita 900 kwa ajili ya mjazo, na iliyobaki uitunze kwa mchuzi wa kumiminia nyama. Ukilazimika kutumia supu ya vidonge, itengeneze nyepesi kuliko kifungashio kinavyoelekeza, kwani mkate una chumvi yake, siagi huenda ina yake, na maji yakipungua kwenye oveni chumvi yote hubaki.

Mboga zinahitaji uvumilivu kuliko ufundi. Yeyusha gramu 120 za siagi kwenye kikaango kipana, weka vitunguu maji viwili vikubwa na gramu 250 za seleri, vyote vimekatwa vidogo vidogo, nyunyiza nusu kijiko cha chai cha chumvi, na uvipike kwa moto wa wastani kwa dakika 10 hivi hadi vilainike na kung'aa bila kuungua. Kitunguu kisichoiva hapa hakitaivia kwenye trei. Kitabaki kikikwaruza meno na kuutia mjazo ukali usiotakiwa. Dakika moja kabla ya kuepua, ongeza punje tatu za kitunguu saumu kilichosagwa, vijiko vikubwa viwili vya majani mabichi ya seji yaliyokatwa na kijiko kikubwa kimoja cha thaimu. Majani haya huwekwa ndani ya siagi yenye moto, wala si ndani ya supu, kwa sababu harufu yake huyeyuka vizuri zaidi kwenye mafuta kuliko kwenye maji. Ukitumia majani makavu, theluthi moja ya vipimo hivyo inatosha, na kwa seji hasa usizidishe kwa kudhani unaongeza utamu: ikipita kiasi mjazo wote hunuka dawa. Paseli iliyokatwa itie mwishoni kabisa, moto ukiwa umezimwa.

Sasa changanya. Weka mkate uliokauka kwenye bakuli kubwa kuliko unavyodhani utahitaji, mimina mboga na siagi yake yote, geuza, kisha mimina mililita 600 za supu ikiwa ya uvuguvugu huku ukiendelea kugeuza kutoka chini kwenda juu. Baada ya hapo acha bakuli kwa dakika 10 bila kuligusa. Wapishi wengi huruka hatua hii. Wanaona supu imesimama chini ya bakuli, wanadhani imezidi, kumbe mkate haujapata muda wa kuinywa. Dakika hizo zikipita, chukua kipande kimoja kati ya kidole gumba na cha shahada na ukibonyeze. Kinatakiwa kibonyee chote, hadi kiini, bila kitu kigumu katikati, lakini kisidondoshe maji wala kusambaratika. Ukikuta kiini kigumu, ongeza mililita 100 nyingine na usubiri tena dakika 5. Kwa mkate uliokaushwa kama nilivyoeleza, kwa kawaida utafikia kati ya mililita 700 na 750 kabla ya mayai. Hapo ndipo pa kuonja chumvi na kutia pilipili manga, kwa sababu mayai mabichi yakishaingia hupaswi tena kuonja.

Mayai mawili yaliyopigwa pamoja na mililita 150 za supu iliyopoa ndiyo yatakayoushika mjazo. Yai likiiva hufunga unyevu ndani ya mkate, nalo ndilo linalotofautisha mjazo unaochoteka kwa kijiko ukiwa na umbo na ule unaomwagika. Mayai matatu yanakubalika kwa wanaopenda uwe mzito; ukifika manne au matano utakuwa umetengeneza chakula kingine.

Paka siagi bakuli la kuokea lenye ukubwa wa sentimita 23 kwa 33, mimina mjazo bila kuushindilia, funika kwa foili, na uoke kwa nyuzi 180 kwa dakika 30. Kisha ondoa foili, nyunyizia juu vijiko vikubwa vinne vya mafuta yaliyochuruzika kutoka kwa bata mzinga aliyekwisha iva, na uuache dakika 20 hadi 25 zaidi ili juu pawe na ukoko wa kahawia. Ukiondoa foili na kuona majimaji pembeni, geuza mjazo mara moja na upandishe moto hadi nyuzi 200. Ukiuona mkavu, nyunyiza supu ya moto kidogo kidogo, ufunike tena kwa dakika 10. Kwa namna hii hata makosa ya vipimo yana dawa, na huo ni uhuru ambao mjazo ulio tumboni mwa ndege haukupi.

Hapo ndipo tunapofika kwenye ubishi wa nyumbani kwako. Wanaotetea mjazo wa tumboni wana hoja ya kweli: juisi za nyama hudondokea ndani ya mkate na kuupa ladha nzito. Lakini juisi hizo hizo ni za nyama mbichi, na zinaweza kubeba bakteria kama Salmonella na Campylobacter, kwa hiyo mjazo ulionyonya juisi hizo unapaswa kuiva kama nyama yenyewe. Idara ya Kilimo ya Marekani inaelekeza kwamba kiini cha mjazo kifikie nyuzi 74 za Selsiasi, bila kujali kama nyama ya ndege imekwisha fika huko. Ugumu unatokana na mahali mjazo ulipo. Joto la oveni huingia kutoka nje, likapita kwenye ngozi, nyama na mifupa, na mwisho wa safari yake ndiyo katikati ya mjazo, yaani mahali pa mwisho kabisa kupata moto. Kidari hufika nyuzi 74 mapema zaidi, nacho hakina mafuta ya kukilinda. Kila dakika unayosubiri kiini cha mjazo kiive, kidari kinaendelea kupoteza maji. Hivyo unabaki na machaguo mawili mabaya: kumtoa ndege kwa wakati na kuwapa wageni mjazo ambao haujaiva, au kuusubiri mjazo na kuwapa kidari kikavu. Kwa kuku mdogo tofauti hiyo inavumilika. Kwa ndege wa kilo 6 sioni sababu ya kuibeba.

Upo pia ugumu wa wingi. Kipimo salama, ambacho mjazo haukushindiliwa na joto linaweza kupenya, ni kama mililita 400 kwa kila kilo ya ndege, kwa hiyo bata mzinga wako atapokea kama lita 2.4 tu. Vipimo nilivyokupa hapo juu vinazidi hapo, maana yake ungelazimika kuoka sehemu nyingine kwenye trei kwa vyovyote vile.

Hata hivyo, kama mama mkwe au mwingine mwenye sauti nyumbani amesema ndege lazima ajazwe, fanya hivi. Hakikisha kwanza barafu yote imeyeyuka, na uingize mkono tumboni kuthibitisha, kwa sababu kipande cha barafu kilichosalia humo kitauzuia mjazo kuiva. Kwenye friji, ndege wa kilo 6 huhitaji takriban siku 3, kwa makadirio ya saa 24 kwa kila kilo 2. Mjaze dakika chache kabla ya kumwingiza kwenye oveni, kamwe si usiku wa kuamkia siku hiyo, kwa kuwa mjazo wenye unyevu uliofungiwa ndani ya nyama mbichi hupoa polepole na kuwapa bakteria muda wa kuzaana. Kila nyama utakayoiweka ndani ya mjazo iwe imeshapikwa. Punguza supu kwa mililita 150 hivi, kwani juisi za ndege zitajazia, lakini usiufanye mkavu, maana joto huua bakteria kwa haraka zaidi penye unyevu. Oveni isishuke chini ya nyuzi 163. Kwa joto hilo ndege wa ukubwa wake huchukua kati ya saa 3 na saa 3 na dakika 45 akiwa mtupu, na kati ya saa 3 na nusu na saa 4 akiwa amejazwa, ila saa ni makadirio tu, na mwenye neno la mwisho ni kipimajoto kilichochomekwa katikati ya mjazo. Baada ya kumtoa, mwache apumzike dakika 20, kisha uchote mjazo wote kwa mara moja badala ya kuuacha humo mezani.

Ukinisikiliza na kutumia trei, ratiba nayo itakunyookea. Bata mzinga wa ukubwa huu anahitaji kupumzika dakika 30 hadi 45 kabla ya kukatwa, na kumkata kwenyewe huchukua muda. Oveni inakuwa tupu wakati huo wote. Mtoe ndege, mfunike kwa foili bila kumbana, pandisha moto hadi nyuzi 180, na uingize trei ya mjazo. Vyote viwili vitafika mezani vikiwa na moto. Tumboni mwa ndege weka tu kitunguu kilichopasuliwa na vijiti vya seji, ambavyo utavitupa baadaye.

Mkate unaweza kuukausha siku 3 kabla na kuuhifadhi kwenye chombo kilichofungwa. Mboga na supu vinaweza kupikwa jana yake na kukaa kwenye friji, kila kimoja peke yake. Kuchanganya kwenyewe kusubiri siku ya sikukuu.

Kuhusu mgeni asiyekula nguruwe, soseji si lazima katika mjazo, na mimi nisingetengeneza trei mbili. Kaanga gramu 400 za uyoga kwa moto mkali hadi maji yake yakauke na kingo zipate rangi ya kahawia, uuongeze kwenye mboga, na hakuna atakayeuliza nyama iko wapi. Ukipendelea soseji za kuku, soma maelezo ya pakiti kwa makini, kwa sababu baadhi yake hufungwa kwa utumbo wa nguruwe ingawa nyama ya ndani ni ya ndege. Na mkate nao uukague, kwani mingine hutiwa mafuta ya nguruwe. Kama sababu ya mgeni wako ni ya kidini, muulize mapema kuhusu uchinjaji wa bata mzinga mwenyewe, maana hapo suala limeshavuka mipaka ya mjazo. Tofaa chachu lililokatwa vipande, zabibu kavu au njugu zilizochomwa ni nyongeza nzuri, ilimradi uchague moja, si zote.

Mjazo uliobaki usikae mezani zaidi ya saa 2. Uhamishie kwenye vyombo vya kina kifupi ili upoe haraka, uuweke kwenye friji, na uutumie ndani ya siku 3 au 4. Unapoupasha, nyunyiza kijiko kimoja au viwili vya supu, funika, na uhakikishe umefika tena nyuzi 74. Ukipenda ukoko wake urudi, kaanga vipande vyake kwa siagi kwenye kikaango badala ya kuurudisha kwenye oveni.